Somo la Lishe: Chakula cha Mtu Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Somo la toleo hili ni la wale waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, pamoja na jamaa wanaowapikia. Hata kama hakuna mtu wa namna hiyo nyumbani kwako leo, lisome. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 nchini Kenya wana uzito uliozidi. Walio wengi watasaidiwa na chakula bora, mazoezi na dawa. Wachache, hasa wenye unene mkubwa unaoandamana na kisukari au shinikizo la damu, watashauriwa na daktari kufanyiwa upasuaji.

Upasuaji wenyewe hufanywa zaidi katika hospitali za Nairobi. Mgonjwa hulazwa siku chache, kisha husafiri zaidi ya kilomita 300 kurudi nyumbani Kisii au Nyamira. Kuanzia hapo, kupona kwake kunategemea jikoni kuliko chumba cha upasuaji.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 48 anayerudi nyumbani karibu na Keroka siku ya nne baada ya upasuaji. Jioni hiyo hiyo majirani wanafika kumpa pole. Mmoja ana chupa ya uji wa wimbi uliotiwa sukari nyingi. Mwingine ameleta kuku na obokima ya moto. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na mgonjwa anayekataa chakula huonekana kama amekata tamaa au ana dharau. Mama huyu anamega matonge mawili kwa heshima ya wageni. Baada ya dakika chache kifua kinambana, mate yanamjaa mdomoni, kisha anatapika. Wageni wanasema hana nguvu kwa sababu hali, na wanamsihi aongeze.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya nyumbani humo. Walichokosa ni maarifa, na ndiyo sababu ya somo hili.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza kusoma utaweza:
1. Kueleza kwa nini mgonjwa huyu hawezi kula kama zamani.
2. Kupanga chakula chake wiki kwa wiki kwa vyakula vya soko letu.
3. Kutambua dalili za hatari na kuchukua hatua bila kuchelewa.

NINI KIMEBADILIKA TUMBONI

Kuna aina mbili za upasuaji zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi kidogo. Kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kilicho kidogo kuliko yai la kuku, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia ya mkato.

Katika aina zote mbili mambo matatu hubadilika. Kwanza, nafasi ni ndogo: siku za mwanzo vijiko vichache tu hutosha. Pili, ndani ya tumbo kuna mshono mrefu ambao bado haujashikana. Chakula kigumu au kingi kikiingia mapema huusumbua mshono huo na huweza kuleta kutapika, maumivu na madhara makubwa. Tatu, mwili hupokea vitamini na madini kidogo kuliko awali, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkato.

Kwa hiyo mgonjwa akisema "nimeshiba" baada ya vijiko vinne, mwamini. Si adabu wala si maringo.

CHAKULA WIKI KWA WIKI

Ratiba ifuatayo ni ya kawaida. Ikiwa hospitali iliyokufanyia upasuaji imekupa ratiba tofauti, fuata ile ya hospitali.

Siku ya kwanza na ya pili: vinywaji vyepesi. Maji, supu ya kuku au ya mifupa iliyochujwa na kuondolewa mafuta, na chai ya rangi nyepesi isiyo na sukari. Tumia kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya maji. Kikombe kimoja cha mililita 30 kila robo saa hufanya mililita 120 kwa saa. Nywa kwa kuonja, usigugumie.

Siku ya tatu hadi mwisho wa wiki ya pili: vinywaji vizito. Maziwa yaliyochemshwa, maziwa lala yasiyotiwa sukari, supu ya maharagwe au ya dengu iliyosagwa na kuchujwa, na uji mwembamba wa wimbi uliopikwa kwa maziwa. Uji uwe mwepesi kiasi cha kupita kwenye kichujio cha chai. Wapo ambao maziwa mabichi ya kuchemshwa huwaletea gesi na kuharisha baada ya upasuaji. Wengi wao huyavumilia maziwa lala vizuri zaidi.

Wiki ya tatu na ya nne: chakula kilichopondwa. Kiwe laini kama chakula cha mtoto anayeanza kula: samaki aliyechambuliwa miiba na kupondwa, yai lililovurugwa likabaki laini, maharagwe yaliyoondolewa maganda, malenge, na ndizi za kupika zilizochemshwa na kupondwa kwa supu. Anza na vijiko viwili vikubwa kwa mlo mmoja, uongeze polepole.

Wiki ya tano hadi ya nane: chakula laini. Sasa chakula hakina haja ya kupondwa, ila kiweze kukatika kwa uma. Kuku aliyechemshwa hadi akaachana na mifupa, samaki mbichi wa ziwani, nyama ya kusaga yenye mchuzi, parachichi kidogo, na mboga za kienyeji zilizopikwa zikaiva sana. Chinsaga na managu ni mboga nzuri, lakini ondoa vikonyo, katakata majani madogo madogo, na uzipike kwa maziwa kama walivyofanya mama zetu. Omena wasagwe wawe unga, kisha wachanganywe na mchuzi.

Baada ya wiki ya nane: chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Jaribu chakula kipya kimoja kwa siku moja, ukiwa nyumbani na umetulia. Kikikataa, kiache kwa wiki mbili au tatu kisha ujaribu tena.

OBOKIMA JE?

Hili ndilo swali la kwanza la wagonjwa wengi, na ni swali la haki, kwa maana kwetu mtu ambaye hajala obokima huhesabiwa kuwa hajala. Jibu ni hili: obokima haijapigwa marufuku, ila husubiri. Sima nzito hunata, hukusanyika kuwa donge, na huweza kukwama katika tumbo jembamba. Isionjwe kabla ya wiki ya nane. Wakati wake ukifika, iwe laini, iwe tonge dogo kama punje ya njugu, na iliwe mwisho baada ya samaki na mboga. Wengine wataiweza, wengine haitawakubali kwa miezi mingi. Mkate mweupe, chapati na wali mkavu vina tabia hiyo hiyo ya kunata.

Vingine vya kuahirisha ni mahindi ya kuchoma, githeri, nyama choma na nyuzi za machungwa. Miwa isitafunwe kabisa katika miezi ya kwanza: nyuzi zake huziba, na sukari yake ni nyingi.

KANUNI TANO ZA MEZANI

Kanuni ya kwanza: protini hutangulia. Tumbo likiwa na nafasi ya vijiko vitano, vijiko vitatu vya kwanza viwe samaki, yai, kuku, maharagwe au maziwa. Mwili unaopungua uzito haraka huchoma misuli pamoja na mafuta. Protini ndiyo inayolinda misuli, kuponya kidonda na kupunguza kunyonyoka kwa nywele. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku.

Kanuni ya pili: maji na chakula visikutane. Acha kunywa dakika 30 kabla ya kula, na usinywe hadi dakika 30 baada ya kumaliza. Ukinywa katikati ya mlo, chakula husukumwa chini haraka au tumbo hujaa kabla protini haijaingia.

Kanuni ya tatu: tafuna. Kila tonge litafunwe mara 20 au zaidi hadi liwe kama uji. Tumia kijiko cha chai, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo huo hauhitaji kufafanuliwa.

Kanuni ya nne: sukari na vinywaji vya gesi viondoke. Sukari nyingi ikiingia kwa mkupuo hushuka haraka kwenye utumbo. Mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha hufuata. Hili huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato. Soda, juisi za pakiti, uji wenye sukari na chai ya vijiko vitatu ni vya kuachwa. Pombe pia, iwe ya chupa au ya kienyeji: baada ya upasuaji hulevya haraka kuliko zamani, na uraibu huingia kwa urahisi.

Kanuni ya tano: acha unaposhiba, hata kama imebaki nusu ya sahani. Kubanwa kifua, kwikwi, au mafua ya ghafla mezani ni ishara kwamba tumbo limejaa.

MFANO WA SIKU MOJA

Siku hii inamfaa mtu aliyefikisha wiki ya sita hivi na anayeendelea vizuri. Vyakula vyake vyote hupatikana Daraja Mbili, Keroka au Nyamira mjini.

Saa moja asubuhi: yai moja lililovurugwa (protini gramu 6).
Saa nne: maziwa, kikombe cha mililita 250, yakinywewa kidogo kidogo, na vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga vimekorogwa ndani (gramu 12).
Saa saba mchana: samaki ukubwa wa viberiti viwili, na kijiko cha malenge (gramu 13).
Saa kumi: maziwa lala mililita 250 (gramu 8).
Saa moja jioni: kuku laini ukubwa wa viberiti viwili, na kijiko cha managu (gramu 15).
Saa tatu usiku: maharagwe yaliyopondwa, nusu kikombe, au kiasi kitakachoingia (gramu 7).

Jumla ni gramu 61. Haba na haba hujaza kibaba. Kati ya milo hiyo anywe maji: mililita 100 kila saa, kwa saa 15 alizo macho, ni lita moja na nusu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito kama chai, maji hayajatosha.

VITAMINI NI ZA MAISHA YOTE

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mwaka wa kwanza mtu hujisikia vizuri, nguo zinalegea, na anaona vidonge ni gharama ya bure. Lakini akiba ya vitamini B12 mwilini huweza kukaa muda mrefu kabla ya kwisha, na upungufu ukijitokeza huleta ganzi miguuni, kusahau na upungufu wa damu. Chakula peke yake, hata kiwe bora namna gani, hakitoshi.

Kwa kawaida mgonjwa huandikiwa vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalisiamu pamoja na vitamini D, na B12 kwa vidonge au sindano. Kumbuka mambo mawili. Chuma na kalisiamu visimezwe pamoja. Vipishane kwa saa mbili au zaidi. Na chai isinywewe karibu na chuma. Sisi ni watu wa majani chai, na kikombe hakikosi mkononi, lakini chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza chuma kwa maji, kisha subiri angalau saa moja kabla ya chai. Akina mama wanaopata hedhi wako katika hatari zaidi ya kuishiwa damu.

Damu ipimwe miezi 3, 6 na 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka.

DAWA NYINGINE NA UZAZI

Mwenye kisukari au shinikizo la damu asirudie dozi za zamani bila kumwona daktari. Sukari hushuka haraka baada ya upasuaji, hata kabla uzito haujapungua, na dozi ya zamani huweza kumwangusha. Wahudumu wa afya ya jamii katika vijiji vyetu wamepewa mashine za kupima sukari na shinikizo; waombe wakupitie.

Usinunue dukani dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac. Huweza kuchimba vidonda katika tumbo lililopasuliwa. Vidonge vikubwa navyo visisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia, kwa sababu vingine hupoteza kazi yake vikisagwa.

Kwa wanawake: kadiri uzito unavyopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka. Hata hivyo inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18, ili mama na mtoto wasigombee chakula kidogo kinachoingia. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vyema baada ya upasuaji wa njia ya mkato, hivyo jadili njia nyingine kliniki.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- Moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika ukiwa umepumzika.
- Homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani.
- Kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.
- Kushindwa kunywa maji kwa siku nzima.
- Kutapika mara kwa mara, hasa pamoja na kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili au kuyumba unapotembea.

Dalili hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Vitamini B1, inayoitwa tayamini, haikai mwilini zaidi ya wiki chache. Mtu anayetapika siku nyingi huimaliza, na ubongo huanza kuumia. Akifika hospitalini amelegea, huenda akatundikiwa dripu ya glukosi ili apate nguvu. Kwa mtu aliyeishiwa tayamini, glukosi ikitangulia huweza kuzidisha madhara. Tayamini inapaswa kutangulia. Kwa hiyo mgonjwa au msindikizaji aseme mapema: "Huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tarehe fulani, na ametapika kwa siku kadhaa. Tunaomba mwangalie tayamini." Mhudumu wa zamu hawezi kujua kisa chako asipoambiwa. Beba karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali kila uendapo, na uweke picha yake kwenye simu.

Anza na kituo kilicho karibu nawe. Kwa matatizo makubwa, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira ndizo za kukimbiliwa. Usisubiri hadi upate nauli ya Nairobi.

WAJIBU WA JAMAA NA MAJIRANI

Turudi kwa yule mama wa Keroka. Tuseme safari hii binti yake amesoma somo hili. Wageni wanapofika anawapokea, anawaandalia chai, na anawaeleza mapema: "Mama amepasuliwa tumboni. Kwa wiki hizi anakunywa tu, na daktari amempimia kwa kikombe hiki kidogo." Kuku anapokelewa kwa shukrani na kugeuzwa supu ya kuchujwa. Obokima inaliwa na watoto. Wageni wanaondoka wakiwa wametimiza desturi, na mgonjwa amebaki salama.

Anayetaka kuleta kitu alete maziwa lala, mayai, samaki au nauli ya kliniki. Miezi ijayo, nywele za mama zitakapopungua na nguo kumpwaya, tusimnong'onee kwamba ana ugonjwa wa siri. Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena iwapo protini na chuma vinatosha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mgonjwa wa wiki ya tatu anatamani obokima. Utampa nini badala yake?
2. Kwa nini maji yasinywewe pamoja na chakula?
3. Mtu amemeza kidonge cha chuma kwa chai ya maziwa. Kosa ni lipi?
4. Mgonjwa ametapika siku nne na sasa anayumba. Utamwambia nini mhudumu wa hospitali?

Majibu: (1) Samaki, yai au maharagwe yaliyopondwa kwanza, kisha ndizi au malenge yaliyopondwa kwa supu. (2) Hujaza nafasi ndogo au kusukuma chakula chini haraka. (3) Chai, na kalisiamu iliyo katika maziwa, huzuia chuma kuingia mwilini. (4) Kwamba alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na ametapika siku nne, hivyo aangaliwe tayamini kabla ya dripu ya glukosi.

Likate somo hili ulibandike jikoni. Ukiwa na swali kuhusu chakula chako, muulize mtaalamu wa lishe katika hospitali ya kaunti ndogo yako.